Mbio za magari ya umeme: tuanze na hati ya mizigo

Ndugu uliyeuliza kama Formula E, yaani mbio za magari ya umeme, zinatunza mazingira kweli au zinajitangaza tu, nitakujibu kama mtu aliyefanya kazi ya ukarani wa mizigo hapa Kigoma bandarini, kazi inayomzoesha mtu kuipima safari kwa tani zilizobebwa na mafuta yaliyochomwa.

Gari lenyewe sina ugomvi nalo. Kizazi cha tatu, kilichoanza kushindana mwaka 2023, hurudisha nishati kwenye betri kila linapopunguza mwendo, na waandaaji husema takriban asilimia 40 ya nishati itumikayo katika shindano hupatikana hivyo. Lakini gari hilo halikwenda Cape Town mwaka huo kwa magurudumu yake. Lilipakiwa pamoja na matairi, vipuri na mitambo, na taarifa za waandaaji wenyewe zinakiri kwamba usafirishaji wa mizigo ndio unaoongoza kwa hewa ukaa yao. Ndiyo maana badiliko ninalolithamini kuliko yote ni lile lisilopigiwa debe sana: hadi mwaka 2018 kila dereva alihitaji magari mawili, kwa kuwa betri moja haikumaliza mbio, na betri kubwa zaidi ilipopatikana, gari la pili likabaki nyumbani.

Chanzo cha umeme nacho kiulizwe. Sisi wa Kigoma, ambao hadi tulipounganishwa na Gridi ya Taifa mwaka 2022 tulitegemea majenereta ya dizeli, tunajua kwamba taa inaweza kuwaka safi huku moshi wa jenereta ukiwa mtaa wa pili.

Kinachonikera ni namna wanavyojieleza. Septemba 2020 walitangaza kwamba wamefikia sufuri halisi ya hewa ukaa, yaani hewa wanayotoa ikitolewa hesabu ya ile inayopunguzwa hakibaki kitu, tangu msimu wa kwanza, ulioanza 2014. Kwa misimu iliyokwisha kupita, maana yake ni kwamba walilipia miradi ya kupunguza hewa hiyo kwingineko. Kulipia si vibaya, ila mtazamaji wa Ujiji ataelewa kwamba hakuna kilichochomwa. Katika vitabu vyetu, meli iliyochoma dizeli kwenda Bujumbura iliandikwa imechoma dizeli, hata kama mwenye mzigo alipanda msitu mzima. Waonyeshe kwenye skrini, kabla ya taa za kuanzia, tani walizosafirisha kwa ndege na walizosafirisha kwa meli, kisha ndipo watueleze miradi waliyoilipia.