Mlima unashukwa kwa gia, breki ni msaidizi

Dereva aliyejifunzia Dar es Salaam huogopa kupanda, asije akarudi nyuma. Cha kuogopa ni kushuka. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita kama 33 za kona, na barabara inateremka karibu mita 1,000. Uzito wa gari usipozuiwa na injini utazuiwa na breki peke yake, na breki huzuia kwa kuugeuza mwendo kuwa joto.

Gia ichaguliwe huko juu, kabla pua ya gari haijainama. Kwa gari la manyuo, tumia gia ambayo ungepandia mteremko huohuo, mara nyingi namba 2. Kwa otomatiki, usishuke na D mwanzo hadi mwisho: mteremko wa wastani zima O/D (overdrive, gia ya juu ya mwendo kasi), mkali weka 2 au L (gia ndogo). Lenye CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) mara nyingi lina S au B kwa kazi hiyo. Injini itapiga kelele na mshale wa mizunguko utapanda. Usiogope, mradi haujagusa nyekundu.

Mguu usilale juu ya pedali. Mwendo ukifika 40, kanyaga kwa nguvu mpaka 30, kisha achia kabisa. Sekunde hizo za kuachia ndizo diski inapopoa.

Ukisikia harufu ya kuungua, sikiliza mguu wako. Pedali ikiwa ngumu lakini gari halipungui mwendo, pedi zimepata moto hadi zinateleza. Punguza gia, tafuta penye nafasi, usimame nusu saa. Usizimwagie breki maji, diski itapinda. Pedali ikizama laini kama sponji, hapo ni hatari zaidi: mafuta ya breki yamechemka, na mvuke unabanwa ilhali mafuta hayabanwi. DOT 3 mapya yanatakiwa kuhimili nyuzi 205 bila kuchemka. Yakishanyonya unyevu, kiwango hicho hushuka hadi 140. Ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hata kama kikopo kimejaa. Likikukuta, pampu pedali harakaharaka, shusha gia mojamoja, vuta handbreki taratibu huku umebonyeza kitufe chake. Ikishindikana, bora ukwaruze ubavu upande wa mlima kuliko upande wa bonde.

Wapo wanaoweka nyutro eti wanaokoa mafuta. Uongo mtupu. Injini ya sindano (inayopuliziwa mafuta kwa injekta) ikiwa kwenye gia, ukaachia pedali ya mafuta, sindano hufunga. Kwenye nyutro lazima imwage mafuta ili isizimike. Kuzima injini ni vibaya zaidi: ukikanyaga mara mbili tatu breki inakuwa ngumu kama jiwe, na ukichomoa ufunguo usukani unajifunga.

Kupanda si kazi kubwa: gia ndogo, zima kiyoyozi, mshale wa joto usiuondolee macho. Ukichemsha, usifungue kifuniko cha rejeta mpaka kiwe cha kushikika kwa mkono.

Ukiegesha otomatiki mlimani, kanyaga breki, weka N, vuta handbreki, achia mguu gari liegemee handbreki, ndipo uweke P. Ukianza na P, uzito wote unabebwa na kijino kimoja ndani ya giaboksi. Na mawe uliyokingia tairi yatoe barabarani kabla ya kuondoka. Usiku kwenye kona za mlima Kitonga, njia ya Iringa, anayekuja nyuma huyaona yakiwa tayari chini ya rimu yake.