Breki mbovu, lori langu na diya ya waliokufa

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Nina lori la kubebea mahindi. Dereva alinipigia simu akasema lainingi za breki za tela zimekwisha na upepo unaoendesha breki unavuja. Nikamwambia afikishe mzigo kwanza, tutatengeneza akirudi. Mteremkoni breki zikakata, lori likaua wanaume wawili waliokuwa kando ya barabara. Wafiwa walisema ni kadari, wakasamehe, na bima ikawapa kiasi kidogo. Je, nadaiwa chochote mbele ya Mwenyezi Mungu, au ni juu ya dereva tu?

JIBU: Waalaykum salaam. Mwenyezi Mungu awarehemu marehemu hao.

Unadaiwa, ndugu yangu. Kadari tunaiamini, ila haimwondolei dhamana mtu aliyeambiwa gari ni bovu akaliacha litembee. Mtume (s.a.w.) amesema: "Hakuna kudhuru wala kudhuriana." Mwaka 1993 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Brunei, likaamua kwamba dereva anabeba madhara ya gari lake, isipokuwa likitokea jambo asiloweza kulizuia, au kosa likiwa la aliyedhurika au la mtu mwingine. Nyinyi hamna udhuru wa jambo lisilozuilika. Lori lenye shehena likishuka mteremko kama wa Kitonga na lainingi zimekwisha, ngoma za breki zinachemka na upepo unapungua kila anapokanyaga breki. Dereva mzoefu analijua hilo kabla hajaanza kushuka, na wewe uliambiwa.

Dereva naye hasalimiki. Yeye ndiye mtendaji, wewe msababishi, na kawaida dhamana humwangukia mtendaji. Lakini msababishi aliyevuka mpaka naye huingia. Nyote mlijua, basi diya, yaani fidia ya damu wanayolipwa warithi, ni yenu wote kwa kadiri ya kosa la kila mmoja. Kiasi kisipojulikana, ni nusu kwa nusu. Asijitetee kwa amri ya tajiri, kwani hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba.

Kwa kuwa hamkukusudia, haya ni mauaji ya kukosea, na hukumu yake imo katika aya ya 92 ya Suratun Nisaa. Diya ya kila mmoja wao asili yake ni ngamia 100, na katika kukosea jamaa wa upande wa baba huibeba kwa miaka mitatu. Kafara, yaani ibada ya kufuta dhambi ya kuua, haibebwi na jamaa wala bima. Ni kufunga miezi miwili mfululizo kwa kila aliyekufa, na katika madhehebu yetu ya Shafi'i kila aliyeshiriki anafunga yake, msababishi akiwemo. Wewe, basi, una funga mbili za miezi miwili miwili, na dereva vivyo hivyo.

Linalonitia hofu zaidi ni huo msamaha. Aya imewaruhusu warithi kusamehe diya, lakini hawa wamesamehe wakidhani breki zilikata ghafla. Habari ya simu ile hawana. Nenda na mzee mnayemheshimu nyote, uwaeleze ulivyoambiwa na ulivyojibu, kisha uwaulize upya. Wakisamehe wakijua, au wakiridhika na walichopewa na bima, diya imekwisha. Wakidai kilichobaki, lipeni, hata kwa kuliuza lori. Wakiwemo yatima wadogo, fungu lao hakuna wa kulisamehe kwa niaba yao.

Wallahu a'lam.