Mwanangu, kuhusu rangi ya sare yenu

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako umenifikia jana baada ya magharibi na picha ya kitambaa nimeiona. Umeniuliza neno moja tu: nyie huko Dar mmeipenda buluu iliyokoza kwa sare ya upande wetu, shangazi yako kasema rangi hiyo ni nuksi harusini, je ni kweli? Si kweli. Nuksi ya rangi sikufundishwa chuoni kwenye Kurani wala sikuisikia kwa bibi yangu, na shangazi yako akiwa na ushahidi aulete. Lakini silo lililoninyima usingizi. Nilipoifungua ile picha, kitu cha kwanza nilichosema, peke yangu ukumbini, ni: hii kaniki.

Utaniambia ni satini, na mita yake ina bei. Najua. Nakwambia jicho langu lilichokiona.

Kwetu Miembeni kaniki haikuingia, hilo unalijua. Mama za wenzetu walijifunga kaniki wakitwanga na wakipika, maana haionyeshi uchafu, na mganga akidai vitambaa vyake vitatu, cheupe, chekundu na cheusi, cheusi ndiyo hiyo hiyo. Bibi hakuitaka hata ya kupigia deki. Tulidhani ni ukaidi wa uzee mpaka alipotuhadithia habari za mama yake.

Zamani hizo mtu wa chini hapa Unguja alivishwa nguo mbili. Moja ni merikani, iliyoletwa na merikebu za Wamarekani wa Salem, rangi ya pamba kama ilivyo. Nyingine ni kaniki, pamba iliyochovywa nili, ile rangi ya buluu ya mmea, ikachovywa tena mpaka ikakaribia weusi, nyingi yake ikitoka Bara Hindi. Mwanamke akipita na kaniki kifuani, watu hawakuwa na haja ya kumuuliza yeye ni nani. Mama yake bibi alikuwa mtumwa kwenye mikarafuu ya Dole. Aprili 1897 Sayyid Hamoud bin Mohammed alipotoa amri ya kufuta utumwa, amri ile haikumfuata mtu shambani kwake. Ilibidi mtumwa aende mwenyewe mahakamani akadai uhuru wake. Na masuria hawakuguswa kabisa mpaka 1909. Basi mama yake bibi alikwenda, kwa miguu, na aliporudi na karatasi yake hakutulia mpaka akapata doti ya kanga. Kaniki akaichana vipande vipande, ikawa matambara ya kuepulia vyungu. Bibi akifika hapo alikuwa akicheka mpaka anafuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Rangi haina ukoo. Umelisikia hili kwangu tangu hujaanza skuli na leo nalirudia. Watu ndio wanaoipachika ukoo, kisha wanasahau kwamba wao ndio waliopachika.

Itazame nili yenyewe. Inatoka kwenye majani ya kijani ya mti mdogo ambao ukiupita njiani hutageuka kuutazama. Majani yanarowekwa mpaka yanachacha na kunuka, na nguo ukiitoa kwenye pipa la rangi huoni buluu, unaona kijani kilichochanganyika na manjano. Ikishapigwa na hewa ndipo inaanza kugeuka, hapo hapo mbele ya macho yako. Ni ufundi wa kustaajabisha, mwanangu, na nitausifu mpaka nife. Lakini Waingereza waliwalazimisha wakulima wa Bengal wapande nili badala ya mpunga, wakawafunga kwa madeni, mpaka mwaka 1859 wakulima wakagoma. Huko mtu analazimishwa kuipanda, huku mtu analazimishwa kuivaa. Na angalia mambo ya Mungu: mwaka ule ule wa 1897, kiwanda cha BASF cha Ujerumani kikaanza kuuza nili iliyotengenezwa kwa kemikali, na baada ya miaka si mingi mashamba ya nili ya India yakaporomoka. Nikiusoma mwaka huo mahali popote huwa nasimama kidogo.

Sasa utasema, mama, kama rangi haina ukoo, picha ya satini ilikukosesha usingizi kwa nini? Ndiyo. Hapo ndipo ninapogombana na nafsi yangu.

Nilikuwa darasa la nne au la tano. Nguo ilikuwa shida Unguja, kitambaa mpaka upange foleni, na foleni ikikufikia unachukua kilichobaki. Mama alipanga tangu alfajiri akarudi na buluu nzito, ya giza, kama hiyo yenu. Bibi aliigusa kwa vidole viwili, hakusema kitu. Mama akanishonea gauni la Idd. Siku ya pili nikamkuta bibi kibarazani, miwani puani, anaitia lesi nyeupe kwenye kola, kwa mkono, tundu kwa tundu. Fikiria, mwanamke ambaye hakuiruhusu rangi ile ndani ya nyumba yake. Gauni likawa zuri, wallahi, mpaka leo sijavaa nguo nikajiona vile.

Nikalivaa kwenda nalo kwenye shughuli ya harusi Mji Mkongwe, kwa watu ambao bibi aliwafulia nguo miaka mingi. Tulikuwa tumekaa mikekani, masinia ya pilau yanapita, bibi mwenyewe akiwa miongoni mwa wanaopitisha. Mwenye nyumba akanitazama kuanzia chini mpaka kwenye kola, akasema kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima: "Ehe, siku hizi kaniki inatiwa lesi!" Wakacheka. Wengine wamekufa, Mungu awarehemu, wengine bado nakutana nao Darajani sokoni na tunaamkiana vizuri.

Bibi hakujibu. Aliweka sinia chini, akarudi jikoni, akaleta jingine. Tulipofika nyumbani akaniambia nivue. Akachukua wembe, akakaa karibu na taa, akafumua gauni lote, uzi mmoja baada ya mwingine, bila kuchana mahali. Mama alihamaki. Alimwambia, umewapa ushindi, ungemwacha mtoto avae mpaka wachoke kumtazama. Bibi akasema, mimi sikumzaa mama yake ili aje awazoeshe watu macho. Hawakusemezana mpaka siku ya pili.

Nani alikuwa na haki? Nilipokuwa kijana nilikuwa upande wa mama. Mama alisema kweli: ukiivua umekubali kuwa waliyosema yana maana. Nilipokuzaa wewe nikahamia kwa bibi, kwa sababu mtoto si bendera ya kupeperushwa mbele za watu ili mkubwa ashinde ugomvi wake. Sasa hivi sijui. Kinachoniuma si ule wembe. Kinachoniuma ni kwamba nilitaka bibi ajibu, pale pale, mbele ya masinia, na jibu alikuwa nalo. Kanzu za wanaume wa nyumba ile ziling'ara Ijumaa kwa mikono yake. Unaujua mwendo wake, ndio niliokufundisha: kitonge cha buluu ya kufulia unakifunga kwenye kitambaa, unakikamua kwenye maji ya mwisho mpaka yawe kama mbingu ya asubuhi, unaichovya kanzu mara moja, unaiwahi kabla haijashika madoa. Bila buluu ile weupe wao ungekuwa manjano. Angesema hilo tu! Lakini alikuwa mgeni kwa watu, na alishakula chumvi yao.

Vipande vya gauni alivishona foronya. Ile foronya ya buluu yenye lesi pembeni, uliyokuwa hulali mpaka uishike, ndiyo hiyo. Ulipoing'ang'ania, bibi alikuwa bado hai, kitandani, na alifurahi sana kukuona nayo. Alikuita "mwenye buluu yake". Basi na hilo nalo lihesabu.

Watu waliopachika ukoo kwenye rangi hii wamebandua wenyewe. Chama cha Afro-Shirazi waliitia kwenye bendera yao pamoja na nyeusi na kijani, na tangu 2005 rangi tatu hizo zimo kwenye bendera ya Zanzibar, buluu ikiwa juu. Watoto wanaambiwa ni bahari. Vizuri, na iwe bahari.

Wewe umeniuliza kama ifae au isifae. Nina jibu langu, na usidhani ni jepesi kulizuia. Jana niliandika "ichukueni", nikaifuta. Nikaandika "tafuteni kijani", nikaifuta vile vile. Harusi ni yako, na watakaoivaa sare hiyo ni wanawake wazima. Ila dada zako wawaambie watoto wetu habari hii kabla hawajaivaa, ili akitokea mtu wa kusema neno, asiwakute hawajui.

Shangazi yako niachie mimi. Kwa fundi usikate kitambaa bado. Niletee kipande kwa boti ya Alkhamisi nikitie kwenye maji ya chumvi usiku mzima, maana rangi nzito hizi za siku hizi zinachuja, na mitandio ya watoto mmesema ni myeupe.

Mama yako.