Kwa nini kaka mkubwa wa riwaya yako hakui

Ndugu, umeuliza kwa nini wasomaji wanamsifu Masanja lakini hawamkumbuki. Nimezisoma sura zako zote. Baba anazama ziwani, Masanja anaacha shule kidato cha pili, anaingia kwenye uvuvi wa dagaa kule Kayenze, mwalo wa wavuvi wa Ziwa Victoria mkoani Mwanza, ili wadogo zake wasome. Analala njaa, halalamiki, hakosei. Ni mwema tangu ukurasa wa kwanza, sasa akue kwenda wapi?

Mimi nimelelewa na kaka wa namna hiyo, kwenye mwalo huohuo. Alitulisha, akatusomesha, namshukuru mpaka leo. Lakini kujitoa kule kulimpa pia mamlaka, na riwaya yako hailigusi hilo kabisa. Alikuwa bado kijana mdogo, mama akawa anamwomba ruhusa ya kwenda msibani. Dada yetu alipopata mchumba, kaka alikataa, na hakuna aliyethubutu kumuuliza sababu. Mzigo ndio uliomfanya mkubwa wa nyumba. Akiutua, atabaki nani? Masanja hajawahi kukutana na swali hilo.

Halafu utumie mwezi. Dagaa huvuliwa kwenye giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inapumzika na wavuvi wanashinda nyumbani bila kipato. Wewe umempeleka Masanja ziwani kila usiku, ndiyo maana hatumwoni akiwa na watu wake. Kwetu, siku za mbalamwezi ndizo zilizomfichua kaka: pesa zimekwisha, muda upo tele, anakagua madaftari ambayo hayaelewi tena. Siku moja mdogo wetu alimsahihisha mbele ya mama. Kaka alifunga daftari, akatoka, na kwa siku nyingi hakumsemesha. Hakuwa mtu mbaya. Aliiacha shule yake ili mwenzake asome, kisha akaona masomo yaleyale yanamweka nyuma. Maumivu hayo yanastahili sura nzima.

Kubadilika kwake nako hakukuja kwa hotuba. Alianza kumwita dada wakati wa kupanga matumizi, baada ya tajiri, yaani mwenye mtumbwi, kukata gharama za mafuta na fungu lake. Anaziweka noti mezani, anauliza, "Tuanze na nini?" Kabla ya hapo hakuna aliyejua anapata kiasi gani.

Kuna la kurekebisha pia: hadithi yako ni ya 2019, na Masanja anavua ili alipe ada ya sekondari ya serikali. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa kuanzia 2016. Irudishe hadithi nyuma, au ahangaikie sare, nauli na chakula.

Yale mahafali ya mwisho, Masanja analia kwa furaha, ningeyatoa. Weka mdogo mtu anayerudi na mshahara wake wa kwanza, anamkabidhi kaka, na kaka anakataa kupokea. Wagombane kweli, mama akiwepo. Ukishaiandika sura hiyo, iweke hapa, nitaisoma.