Mama mkubwa, mwanangu kailaza simu yangu kwenye ndoo ya mchele

"Shikamoo mama mkubwa. Mi ni dada wa miaka 34, naishi Mtwara mjini, ni karani kwenye ghala la korosho. Msimu ukianza mwezi wa kumi sijui Jumamosi sijui Jumapili, mafuso yanapanga foleni mpaka barabarani, mnada unakuja na mzigo wa vyama vya msingi vya wakulima lazima upimwe uandikwe, narudi nyumbani saa nne saa tano usiku. Mume wangu ni mwalimu Nanyumbu anakuja wikiendi, ananiambia we umeolewa na ghala. Juzi kati simu ilipotea ndani, nimetafuta nusu saa nzima nikaikuta kwenye ndoo ya mchele, mwanangu wa miaka sita ndo kaifukia. Kumuuliza kwa nini akasema nimeilaza. Nililia mama mkubwa. Usiku saa tisa nashtuka moyo unaenda mbio. Likizo sijaenda mwaka wa tatu huu, maana bila mimi pale mambo hayaendi, hata sasa hivi msimu umeisha, ghala tupu, natoka saa moja usiku. Mume anataka niache kazi. Mama yangu anasema nikiacha nisimjue, anakumbuka mwaka tuliouza korosho kwa kangomba, wale walanguzi wa kichochoroni, nikakosa ada nikakaa nyumbani mwaka mzima. Nifanyeje? Naonekana mama mbaya."

Marahaba mwanangu. Pole, na pole tena.

Kazi usiache. Naanza na hilo upumue kwanza, alafu tuongee taratibu.

Barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikirudia macho yanagota sehemu moja, pale uliposema hata sasa ghala tupu natoka saa moja usiku. Umeiandika haraka haraka kama kitu kidogo, lakini mi naona barua yote iko hapo. Mwezi wa kumi mpaka Januari huku kwetu kila mtu anajua, mnada ni mnada, mkulima wa Tandahimba kakaa mwaka mzima anasubiri hela yake, gunia lisipopimwa leo na stakabadhi isipotoka leo kuna mtu analala njaa, hapo hata mi sikulaumu. Ila sasa hivi mwanangu? Korosho hamna, mafuso hamna, unabaki mle ndani mpaka magharibi inapita unafanya nini? Msimu umekuachia, we mwenyewe ndo hujajiachia, kwaiyo tukisema tatizo ni msimu tutakuwa tunadanganyana.

Nimwambie nani kama sio wewe, hii nimeipitia. Nilikuwa naajiriwa Lindi, ofisi siitaji, na siku binti yangu anatolewa unyagoni nilitakiwa nifike saa nne asubuhi. Nikasema ngoja nimalizie hii karatasi moja. Nimefika watu wanakunja mikeka, mwanangu kakaa na khanga zake mpya, dada yangu ndo kasimama mahali pangu kamtuza. Miaka mingi nilikuwa nasema ofisi ilininyima. Mwanangu, ofisi haikuninyima chochote siku ile, bosi wangu hata hakuwepo! Ni mimi. Kule ofisini nikiingia watu wanasimama, wananiuliza mama hii tufanyeje, nikitoka hapo nafika kwa watu wenye msiba, wenye harusi, wenye mwali, mi sijui hata sufuria liko wapi. Nilikuwa nakimbilia mahali ninapojulikana. Imenichukua muda mrefu sana kujiambia hivyo kwa mdomo wangu.

Sa na wewe umeandika bila mimi mambo hayaendi. Hebu kaa na hilo neno. Simu ikilia saa tatu usiku ya ghalani, kabla hujapokea sikiliza mwili wako, kuna kaubaridi ka hofu au kuna kajoto ka kuitwa? Vyote viwili vinaweza kuwepo. Kajoto kale sio dhambi, kila mtu anataka kuhitajika, ila ukikajua ni kenyewe utaacha kusingizia mzigo.

Na hofu mi naiona inatoka wapi, umeitaja mwenyewe mwishoni kabisa mwa barua. Yule mtoto aliyekaa nyumbani mwaka mzima anawaona wenzie wanapita na yunifomu, kisa korosho za nyumbani zilishachukuliwa na kangomba kwa bei ya kutupa kabla hata msimu haujafika, yule mtoto bado anakuamsha saa tisa usiku. Anakwambia ukilegea tutarudi kule. Na alikusaidia jamani, tusimtukane, ndo kakufikisha kwenye meza ya ghala, leo unapima korosho za watu kihalali na mkulima anaondoka na karatasi yake. Lakini yeye hajui kwamba una mshahara, hajui kwamba mwanao ada yake ipo. Mtu wa kumwambia ni wewe. Na mama yako naye anasemeshwa na mwaka ule ule, kwaiyo akikwambia usimjue usimkasirikie, mkalishe chini muongee habari za mwaka ule, nahisi hamjawahi.

Kabla hujaongea na mume wala bosi, fanya hivi. We ni karani, kuandika ndo mkono wako. Chukua daftari, wiki mbili kila jioni andika umetoka saa ngapi, kilichokubakiza ni kipi, na kingelala mpaka kesho kingeharibika? Alafu mstari mmoja tu wa ulivyojisikia. Usijipambe humo. Mizani yako ya ghala haimuonei huruma mtu na wewe usijionee.

Baada ya hapo ndo unaenda kwa bosi, na uende sasa hivi kabla ya mwezi wa kumi, maana msimu ukishashika hakuna atakayekusikiliza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imesema masaa ya kawaida ni 45 kwa wiki, yasizidi 9 kwa siku. Ovataimu ni ya kukubaliana, isizidi masaa 50 ndani ya wiki nne, na inalipwa mara moja na nusu. Kutoka umalize kazi mpaka uanze tena upate masaa 12 ya kupumzika, na kila wiki masaa 24 mfululizo yako. Likizo ni siku 28 kwa mwaka, na hiyo haupewi kwa hisani. Kwaiyo omba likizo, na omba mtu wa kumfundisha kitabu chako, hapo utajisikia vibaya maana akishajua yeye mambo yatakuwa yanaenda bila wewe. Utakapojisikia hivyo usirudi nyuma, andika kwenye daftari.

Huo moyo wa saa tisa usiku usiuchukulie poa, nenda hata hospitali ya Ligula upimwe presha, wiki hii hii.

Kwa mwalimu wetu wa Nanyumbu, shemeji, maneno ya kuolewa na ghala yanachoma. Muulize mkeo mwaka ule alipokaa nyumbani alikuwa anafanya nini asubuhi wenzie wakienda shule. Uliza tu alafu nyamaza.

Na mama mbaya sijamuona kwenye barua hii. Nimemuona mtoto wa miaka sita ambaye hajaitupa simu, hajaivunja, kaifunika na mchele vizuri kama mtu anayejua kulaza kitu kilichochoka. Huyo kalelewa. Nadhani hata hakuwa anaongelea simu.

Ijumaa hii mlaze yeye mapema, Jumamosi asubuhi mshuke Feri mpande kivuko mwende Msangamkuu, mle samaki, mrudi jua likiwa bado lipo. Simu mwache yeye ndo ailaze. Alafu daftari likifika wiki mbili niandikie, nataka kujua ni mangapi kati ya yale yaliyokubakiza yangeharibika kweli.