Julai Kigoma, maji si baridi
Uliyeuliza kama Julai watoto wataweza kuogelea Kigoma: wapeleke tu. Ziwa Tanganyika halipoi kihivyo. Kiangazi maji ya juu huwa kama nyuzi 25 au 26, msimu wa mvua yanafika 27 na ushee. Kusini, kule Kasanga, ndiko hupoa zaidi, maana upepo wa kusini husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini na ya chini yakapanda. Kinachowatetemesha watoto ni upepo wakishatoka majini, kwa hiyo beba kanga kavu. Mimi ningehofia kichocho na mamba kuliko baridi: kaeni mbali na matete na midomo ya mito, na waulizeni wavuvi wa hapo kwanza.