Muulize Fundi: Ufa wa Kioo na Zulia Linalonuka

*Shikamoo Fundi. Nina Corolla wagon ya mwaka 1997, AE100, niliyoachiwa na marehemu baba. Inabeba watoto wanne, mama mkwe, na msimu wa mavuno inabeba na mpunga. Agosti nilikuwa natoka Tabora mjini narudi Urambo, Fuso lililojaa tumbaku likanirushia kokoto. Kioo cha mbele kikapata kidonda kidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, nikapuuza. Juzi saa nane mchana kijana anayeniosheaga gari akakimwagia ndoo ya maji ya kisima. Tukasikia "ta!", ufa ukatambaa kutoka mbele ya usukani mpaka ukingoni upande wa abiria. Fundi mmoja hapa anasema nimletee kioo, atakibandika kwa silikoni na jioni hiyohiyo naondoka. Wa pili anasema nisipoteze hela, atatoboa mwisho wa ufa kwa drili na kuujaza supaglu. Wa tatu anacho kioo alichokibandua kwenye gari lililopinduka. Nimfuate yupi? Halafu, sijui kama inahusika, zulia la miguuni upande wa abiria linanuka uvundo tangu mvua zilizopita.*
*Mwalimu, Urambo*

Marahaba, Mwalimu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye sentensi ya mwisho, hiyo uliyoitupia kama nyongeza. Ufa wa kioo hauniumizi kichwa, kila wiki naletewa. Zulia linalonuka ndilo linalonifanya nikuombe usimwite fundi yeyote kwanza.

Inua hilo zulia. Chini yake kuna sponji nene, iminye. Kama ni kavu kabisa sasa hivi wakati wa kiangazi, na ilikuwa inalowa kipindi cha mvua tu, basi siyo maji ya kiyoyozi wala ya hita. Maji ya hita yana kulanti, ile dawa ya rejeta, yanateleza vidoleni na yana harufu tamutamu, na hayasubiri mvua. Yako ni maji ya mbinguni, na kwenye gari la aina hiyo yana njia mbili kuu za kufika hapo. Moja ni ukingo wa kioo cha mbele. Nyingine ni lile shimo la kuvutia hewa chini ya waipa, penye plastiki nyeusi yenye matundu. Kama unalaza gari chini ya mwembe, na nani hapa kwetu halazi gari chini ya mwembe, fungua hiyo plastiki uangalie. Mimi nimeshatoa humo majani ya kujaza kofia, yameoza yakawa mboji, na njia ya kutolea maji imezibwa. Maji yakikosa pa kutokea yanaingia ndani.

Utajuaje ni ipi? Mkalishe mtoto mmoja ndani, mpe tochi na gazeti kavu la kutandika pale miguuni. Chukua jagi, mwaga maji kwenye matundu ya waipa tu, taratibu, bila kugusa kioo. Subiri dakika tano. Gazeti likibaki kavu, sasa mwaga pembeni mwa kioo, anzia chini, panda juu kidogo kidogo. Usitumie mpira wa presha, maana kwa presha hata gari jipya linaweza kukudanganya. Mtoto akipiga kelele, hapo ulipomwaga ndipo.

Kwa nini nakusumbua na hayo wakati wewe umeuliza kioo? Kwa sababu gari lako lina miaka mingi, na kama maji yanapita ukingoni, basi chini ya kioo pana kutu. Kioo cha Corolla yako hakishikwi na raba. Kimegandishwa kwa gundi juu ya bati la bodi, na gundi haina ujanja mbele ya kutu. Itaishika kutu vizuri sana, kisha kutu yenyewe itabanduka kwenye bati pamoja na gundi, na kioo kipya juu yake. Nilishawahi kufungua kioo cha wagon moja, nikachomeka bisibisi kwenye fremu kwa kujaribu tu, ikazama mpaka mpini. Rangi juu ilikuwa nzima, inang'aa. Mwenye gari alikuwa amebadilisha kioo mara mbili akilaumu ubovu wa vioo.

Kwa hiyo huo ufa, Mwalimu, umekufanyia hisani. Bila huo usingekitoa kioo, na bila kukitoa usingeliona bati.

Sasa mafundi wako watatu. Wa drili mwache. Kidonda cha jiwe kinatibika kikiwa bado kidogo na safi, kwa gundi yake maalumu, nyepesi kama maji, inayosukumwa ndani na kukaushwa kwa mwanga. Hapo Agosti pengine ungepona. Ufa ukishafika ukingoni hakuna mwisho wa kutoboa, na supaglu itakuachia mstari mweupe mbele ya macho. Kioo cha mbele ni vioo viwili vyenye karatasi ya plastiki katikati, ndiyo maana hakikumwagika kama vya milangoni vinavyogeuka chenga. Kilichokumaliza ni ile ndoo. Jua la mchana limekichoma kioo, maji ya kisima yakakipoza upande mmoja ghafla, na ufa mdogo ulikuwa unasubiri sababu. Kijana usimgombeze, hata wenye magari hawajui.

Wa kioo cha gari lililopinduka, mimi simkatai moja kwa moja. Ila kukibandua kioo cha gundi bila kukijeruhi ni kazi. Pitisha ukucha ukingo wote, pole pole. Ukinasa mahali, hata padogo, usinunue, maana hapo ndipo kitapasukia siku ya kwanza ya barabara ya vumbi. Kisha kielekeze kwenye jua, ukitazame kwa ubavu. Vioo vilivyotembea sana barabara zetu vina vidoa vidogo kama vimepigwa na mchanga. Mchana ukiendesha huvioni, usiku Fuso likikuwashia taa kioo chote kinakuwa cheupe.

Na huyu wa silikoni. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu yuko kila mji, na ni kijana mzuri tu, hajaambiwa. Silikoni ya kuzibia madirisha na masinki ikifunguliwa inanuka siki. Harufu hiyo siyo ya mapambo, ni asidi ya siki inayotoka wakati inakauka, na asidi hiyo inaanzisha kutu kwenye chuma. Unaziba maji kwa kitu kinachopanda kutu. Zaidi ya hapo haina nguvu ya kubeba kioo. Nimewahi kutoa kioo cha silikoni kwa viganja viwili, nikasukuma kutoka ndani, kikaja kama mfuniko wa sufuria. Kioo cha mbele kinasaidia kushikilia paa gari likipinduka, na kama gari lako lina mfuko wa hewa mbele ya abiria, ule mfuko ukifunguka unaegemea kioo. Kiwe kimeshikwa. Gundi inayotakiwa ni poliyurethani, nyeusi, inakuja kwenye mrija au soseji na inasukumwa kwa bunduki yake. Muulize fundi kabla hajaanza: "Gundi gani, na praima, ile dawa ya kupaka kabla ya gundi, unayo?" Akikujibu kwamba praima si lazima, mshukuru uondoke.

Kioo kipya wengi tunaagiza Dar es Salaam. Piga picha bamba la namba ya chesisi na mhuri ulioko kona ya kioo chako cha zamani, watumie wauzaji picha zote mbili. "Corolla wagon" peke yake haitoshi, ziko nyingi. Na msisitize msafirishaji kwamba kioo kinasafiri kimesimama, kimeegeshwa, kimevikwa blanketi. Hakilazwi. Kikilazwa, mtu wa buti atakiona kama meza na kukipandishia gunia. Ukifika stendi kukichukua, kifungue palepale kabla ya kusaini chochote.

Siku ya kazi nenda asubuhi, kivulini, pasipo vumbi. Fundi atachomeka waya mwembamba wa chuma kwenye gundi ya zamani, ameufunga vipande vya mti kama mpini huku na huku, mmoja avute ndani, mwingine nje, kama watu wanaokata gogo kwa msumeno mrefu. Kioo kikitoka, mwambie asimame. Wewe mwenyewe piga magoti utazame fremu pande zote, hasa kona mbili za chini. Penye kutu isuguliwe kwa brashi ya waya na msasa mpaka bati lionekane jeupe. Penye tundu aitwe mchomeaji. Kisha praima ya chuma, rangi, na ikauke kweli. Hiyo inaweza kukulaza siku nzima bila kioo, na ndiyo siku ambayo mafundi wengi wanairuka. Penye gundi ya zamani iliyoshika vizuri hapachimbwi mpaka kwenye bati. Inapunguzwa kwa kisu ibaki nyembamba, milimita moja au mbili, na gundi mpya inaipenda kuliko kitu kingine chochote. Halafu hakuna kugusa hapo kwa vidole. Jasho tu linatosha kuharibu.

Kuondoka jioni hiyohiyo? Inategemea mrija. Zipo gundi zinazokuruhusu baada ya saa moja, zipo za siku nzima, imeandikwa ubavuni. Mimi kwangu gari linalala, na sababu yake ni aibu yangu mwenyewe. Miaka ya nyuma nilimfungia mteja kioo, akaniambia ana msiba Nzega, nikamwachia. Madirisha yote yalikuwa yamepandishwa. Akaingia, akabamiza mlango. Hewa ilikosa pa kwenda, ikakisukuma kioo, nikakiona kwa macho yangu kikihama upana wa kidole. Nikakitoa, nikaanza upya, na gundi nikanunua mimi. Kwa hiyo siku ya kwanza na ya pili acha dirisha moja wazi kidogo, milango ifungwe kama unamfungia mtoto aliyelala, na zile solotepu fundi alizobandika juu usizing'oe kwa sababu zinakutia aibu mtaani.

Bei siiandiki. Gazeti litakapokufikia itakuwa imeshapanda. Bima ndogo haitakulipia, ile ni kwa ajili ya utakayemgonga. Na trafiki akikusimamisha na huo ufa mbele ya usukani, ana haki.

Zulia na sponji yake anika juani siku tatu kabla ya kurudisha, pande zote mbili.

*Fundi, hongera kwa kazi. Mimi nina Peugeot 504 ile ya familia, siti mistari mitatu, iko Ujiji na bado inatembea. Raba ya kioo cha mbele imekauka imepasuka kama nyayo. Jirani kanishauri niipake mawese ilainike. Raba nyingine nimeshaipata. Naweza kuifunga mwenyewe?*
*Mzee wa 504, Ujiji*

Mzee wangu, shikamoo. Mawese yaache yapike migebuka. Raba iliyokufa hairudi kwa mafuta, utaishia kukusanya vumbi la mji mzima ukingoni mwa kioo.

Kuifunga mnaweza, mkiwa wawili wenye subira. 504 haina gundi, kioo kimekaa ndani ya mfereji wa raba, na mfereji wa pili wa raba hiyohiyo unauma bati. Kata raba ya zamani kwa kisu kuzunguka, toa kioo, usafishe bati (kutu, soma niliyomwambia Mwalimu hapo juu). Vika raba mpya kwenye kioo juu ya meza yenye blanketi. Kisha tafuta kamba laini ya nailoni, nyembamba kuliko penseli, kama zile za wavuvi pale Kibirizi. Ilaze ndani ya mfereji wa nje kuzunguka kote, ncha zipishane chini katikati kwa urefu wa mkono, zining'inie upande wa ndani ya gari. Paka maji ya sabuni kwenye raba na kwenye bati. Maji ya sabuni tu, grisi na petroli zinavimbisha raba.

Mmoja abaki nje, akisukume kioo kwa viganja wazi, asitumie ngumi. Wewe kaa ndani uvute ncha moja ya kamba, ukielekea katikati ya kioo. Utaiona midomo ya raba inainuka na kuruka bati, inchi moja baada ya inchi moja, na aliye nje akufuate akipiga kiganja palepale kamba ilipo. Kona ndizo ngumu. Ukifika kona usivute kwa hasira, rudisha kidogo, ongeza sabuni, mwambie mwenzako aegemee. Kamba ikikatika ndani ya mfereji, toeni kioo muanze tena. Huo mdomo hauchokonolewi kwa bisibisi: ndivyo vioo vingi vya 504 vilivyokufa, navyo sasa havipatikani kirahisi.